Kata Tamvua, Usikate Skafu!

Kwanza kabisa, sikuiba sadaka. Naanza na hilo kwa sababu shoga yangu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi japo yeye langu hakulihifadhi, ameshatuma sauti ya dakika nne kwenye kundi letu la vikoba akisema eti Jumapili nilionekana "navua noti kapuni kwa skafu kama mvuvi wa Ziwa Nyasa". Na mama mchungaji yumo kwenye hilo kundi. Basi hii hapa ndiyo taarifa yenyewe, toka kwa mhusika.

Baridi ya Njombe ya mwezi wa saba haihitaji maelezo, kwa hiyo asiniulize mtu skafu ya nini. Na skafu haina kosa hata kidogo. Madonge matatu ya uzi wa akriliki, ule wa kiwandani usio wa pamba wala sufu, ya gramu 100, rangi ya ugoro, sindano ya kroshia ya milimita 5. Nimeanza na cheni 30, yaani vitanzi vya kuanzia, na nguzo ya kwanza, yaani ule mshono mrefu uliosimama, nikaichoma kwenye cheni ya nne toka kwenye sindano. Zile tatu zilizorukwa zinahesabika nguzo moja, jumla nguzo 28, upana sentimita 20. Cheni za mwanzo nilizifuma kwa sindano ya milimita 6, maana zikikaza ukingo wa chini unajikunja na hakuna kitakachounyoosha. Kila nikigeuza, cheni tatu za kupandia, na nguzo ya mwisho wa mstari inachomwa juu ya cheni tatu za mstari wa chini. Wengi hapo ndipo wanaporuka, wanaanza skafu wanamaliza tai. Mimi sikuruka. Nilipofika sentimita 160 nikakata uzi, nikaupitisha kwenye kitanzi cha mwisho, nikakaza, kisha ncha nikaificha kwa kwenda na kurudi, kwa sababu akriliki inateleza. Fundi yeyote aje akague.

Matata yalikuwa kwenye matamvua, zile nyuzi zinazoning'inia kwenye ncha za skafu.

Matamvua ya watu wenye adabu zao yanapimwa hivi: chukua kaunta buku la ukubwa wa A4, zungusha uzi kwa upande wa upana, ule wa sentimita 21, kisha kata upande mmoja. Unapata nyuzi za sentimita 42. Kunja katikati, ingiza sindano pembezoni mwa skafu, vuta kile kitanzi, pitisha miguu ya uzi ndani yake, kaza. Tamvua linaning'inia sentimita 19 au 20. Mimi nikazungusha kwa upande wa urefu. Nyuzi za karibu sentimita 60, tamvua linaning'inia 28. Nyuzi mbili kila fundo, fundo kila baada ya nguzo moja, mafundo 14 kila ncha. Piga hesabu: nyuzi 56, karibu mita 34 za uzi wa kuringia tu. Nilitaka nikigeuka, yenyewe yageuke baada yangu.

Yakageuka.

Kwaya inaimba, kapu linapita. Kapu letu la sadaka ni la milulu, zile nyasi ngumu za kusukia, yale ya Iringa, zuri sana, ila limezeeka na ukingo umeanza kutoa vijiti vigumu. Skafu nimeizungusha shingoni mara moja, ncha mbili mbele. Nikainama kuweka changu (kiasi siwaambii), na ncha ya kushoto ikafika kapuni kabla ya mkono. Nikayaona matamvua yanavyoshuka juu ya noti, taratibu, yanajitandaza. Nikauona uzi mmoja unaingia chini ya kijiti cha milulu. Wa pili ukaufuata. Akriliki haikatiki kizembe, mjue. Ingekuwa pamba iliyochoka leo tungekuwa tunaongea mengine. Baba aliyekaa kulia kwangu akapokea kapu, akalivuta kwake. Kapu likaenda. Skafu ikaenda. Shingo ikaenda.

Nikalidaka kapu kwa mikono miwili.

Sasa nyie mnaocheka, hebu kaeni benchi la nyuma mtazame. Mtu ameshatoa sadaka, kapu limeondoka, amelifuata, amelikamata, analivuta. Yule baba naye hakubali, analivuta kwa heshima. Nikasukuma kapu mbele kidogo ili uzi ulegee, nikatikisa. Nusu ya matamvua ikachomoka, na katikati yake inaning'inia noti ya elfu kumi. Nyekundu. Ya mtu mwingine kabisa.

Mzee wa kanisa akasogea, akaniinamia sikioni kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza:

"Mwanangu, sadaka haina chenji."

Nikamjibu, "Shikamoo baba." Msiniulize kwa nini.

Alipouona uzi akaelewa, Mungu ambariki. Akaingiza mkono kwenye koti akatoa mkasi wa kuvunia maparachichi. Kanisani! Akaupeleka moja kwa moja juu ya mafundo, kwenye mwili wa skafu. Jamani. Tamvua ni uzi unaojitegemea: ukilikata, unachomoa fundo, unafunga jipya, hakuna atakayejua. Lakini ukikata kwenye nguzo, zinaanza kuachiana moja baada ya nyingine na tundu linapanuka kila ukiivaa. Nikapiga kelele:

"Kata tamvua! Usikate skafu!"

Kwaya ilikuwa imetua sekunde hiyohiyo.

Akakata tamvua. Noti ikarudi kapuni, kapu likaendelea na safari likiwa na nyuzi zangu, mchungaji akaomba, tukatoka. Watoto wa Sunday school wananiamkia kwa maneno hayo mpaka leo.

Nyumbani nikailaza mezani, nikachana matamvua kwa kitana cha meno mapana, nikaweka rula, nikapunguza yote hadi sentimita 12. Yaliyokatwa nimefunga mapya kwa uzi uliobaki wa donge la tatu, maana vipande vilivyopunguzwa ni vifupi, havikunjiki vikafunga. Na wewe uliyeniuliza inboksi kama matamvua yaliyojikunja yanapigwa pasi: usithubutu. Akriliki ikiguswa na pasi ya moto inalegea na kulala, na hairudi tena. Loweka, kamua kwa kubinya, nyoosha kwa vidole, anika ikiwa imelazwa.

Shoga yangu naye kaleta oda asubuhi hii. Rangi ya maziwa, matamvua marefu "kama yale". Nimemwambia alipe kwanza, tena asilete noti ya elfu kumi.