Kasulu si ya kwenda msibani tu

Wiki mbili zilizopita nilimwambia jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, kwamba Jumamosi napanda Kasulu. Akaacha vyombo alivyokuwa anaosha, akakausha mikono kwenye kanga, akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana. Amefariki nani?" Nikamwambia hakuna msiba, nakwenda kutembea. Akashangaa. "Kutembea Kasulu? Si bora uende Gombe!"

Neno hilo limeniuma mpaka leo. Jirani ni mtu mwema, tena mama yake ni wa Buhigwe, huko huko juu. Lakini ndivyo tulivyo watu wa mjini. Mgeni akija tunampeleka Ujiji aone pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, tunamlisha migebuka, jioni tunamkalisha ufukweni atazame jua likizama upande wa Kongo, basi, mkoa umeisha. Huko juu tunapanda kwenda kuzika, na kesho yake tunashuka.

Mimi nilipanda na kosta ya saa kumi na mbili asubuhi. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, Kasulu mjini umeshavuka 1,200, na kutoka hapo hadi Heru Juu bado unapanda. Asubuhi kule watu wamejitanda mablanketi, ukungu umelala kwenye migomba, na mtu akiongea ng'ambo ya bonde unamsikia kabla hujamwona. Huku ndiko alikotawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekalia kiti cha uchifu wa Heru mwaka 1946. Watoto wangapi wa shule hapa mjini wanalijua jina lake? Stanley wote wanamjua.

Kwenye uwa mmoja nilimkuta bibi akipepeta maharage ya njano. Nikamwamkia, "Mwakeye." Akaweka ungo chini, akainama kidogo, akapiga makofi polepole, viganja vikikutana kwa ulaini, huku akiniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua ya huko chini. Salamu ya Kiha haina haraka. Alipomaliza ndipo akauliza mimi ni wa nani. Nikamtajia babu yangu mzaa mama, aliyekuwa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge, Tanga.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Wako alirudi. Wa kwetu hakurudi." Baba yake aliondoka yeye akiwa bado anabebwa mgongoni.

Hapo ndipo penye hoja yangu, na siwezi kuisema kwa upole. Wakoloni walichokitaka katika vilima hivi ni mikono ya watu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Waha wakaandikishwa kwa wingi. Babu alisimulia kwamba walishuka kwa miguu hadi Kigoma, wakapanda treni, kisha lori, hadi Korogwe. Kule alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa kila alfajiri. Alipewa na kipande, kadi ya siku thelathini za kazi; siku ambayo hukumaliza mkonge uliopimiwa haikuhesabiwa. Mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba mpaka tunamzika. Katani iliyoitajirisha Tanganyika ilikatwa na vijana wa migomba hii, na huku nyuma wake zao walilima peke yao, kama mama wa yule bibi alivyolima.

Sasa niambieni. Wazungu wawili walisalimiana Ujiji chini ya mwembe, tumewajengea kumbukumbu na kila mgeni anapelekwa. Vijana walioondoka Kasulu na Kibondo na wasirudi, kumbukumbu yao iko wapi? Mimi nimezunguka siku tatu, nimeuliza wazee, sijaoneshwa hata jiwe moja. Halafu neno manamba tunalitumia kumtania Muha kwenye harusi, na yeye inabidi acheke kwa sababu ni utani.

Nakubali, Kasulu haijajiandaa kwa mgeni. Vumbi lipo, maji ya gesti yalikatika usiku wa pili, na hakuna wa kukuelekeza kilipo kitu. Mtu mwenye siku mbili tu za mapumziko simlaumu akibaki ziwani. Ila atakayesema hakuna cha kuona, huyo hajaona Manyovu kahawa inapoanikwa kwenye vichanja, na wanawake wakizunguka kutoa punje mbovu moja moja kwa vidole. Hajaona tangawizi mbichi yenye udongo mwekundu ikishushwa kwa baiskeli. Nje ya mkoa Kasulu inatajwa kwa Nyarugusu tu, kambi ya wakimbizi ya mwaka 1996, kana kwamba wenyeji waliopokea wageni wote hao hawapo.

Yule bibi maharage yake yatanunuliwa kwa lumbesa. Nilishuhudia gunia likishonewa kichwa mpaka likawa refu kumpita mtoto aliyelishika, na bei ikabaki ya gunia moja. Hilo nitaliandikia siku yake, maana nikianza sasa sitamaliza.

Wakati naondoka alinifungia maharage kilo mbili kwenye kitambaa, akakataa hela. Nimempa jirani nusu. Jioni nikampigia mama simu kumuuliza kuhusu Korogwe, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Anasema babu aliikumbuka namba yake ya shambani mpaka siku za mwisho, alikuwa akiitaja usingizini. Namba yenyewe mama ameisahau, na mimi babu alipokuwa hai sikuwahi kumuuliza.