Rybak simchukii

Nusu saa ya kwanza ya The Ascent ingetosha kuwa filamu nzima. Tuko Belarus, ardhi iliyotekwa na Wajerumani, kipupwe cha mwaka 1942. Wapiganaji wa msituni wanahangaika kwenye theluji pamoja na wanawake na watoto, matumbo matupu. Wanagawana nafaka kavu, kila mmoja kiganja chake, wanatafuna kimya. Kisha Rybak na Sotnikov wanatumwa kutafuta chakula.

Sotnikov anaumwa, kikohozi hakimwachi. Mwongozaji, Larisa Shepitko, hakutaka baridi ya kuigiza: alipiga picha nje, Murom, Urusi, kwenye baridi iliyofika nyuzi 40 chini ya sifuri. Sisi ambao baridi yetu kubwa ni ya Njombe mwezi wa saba tuangalie tu na kushukuru Mungu.

Sotnikov anapigwa risasi ya mguu. Anavua kiatu ili afyatue bunduki kwa kidole cha mguu, ajimalize kabla hajashikwa. Rybak, aliyekwisha kutangulia, anarudi. Anamkamata, anamburuta kwenye theluji, anapumzika, anamburuta tena, na mtazamaji huachiwa pumzi zao tu. Hapo Rybak ni mwanaume kwelikweli.

Ndiyo maana yanayofuata yanauma. Wanajificha darini kwa mama mmoja mwenye watoto, kikohozi kinawaumbua, wanakamatwa wote. Rybak huyohuyo anakubali kuwa polisi wa Wajerumani ili asinyongwe. Wengi humwita msaliti, mjadala ukaishia hapo. Mimi naona ile hamu ya kuishi iliyomrudisha kwa mwenzake ndiyo hiyohiyo iliyomuuza. Hakugeuka kuwa mtu mwingine njiani.

Mwisho wake haukuniridhisha sana. Uso wa Sotnikov unamulikwa mpaka anafanana na Yesu wa kwenye picha za kanisani, muziki wa Alfred Schnittke unapanda, njia ya kwenda kitanzini inakuwa Golgotha. Majaji wa tamasha la filamu la Berlin waliridhika, wakaipa tuzo yao kuu, Dubu wa Dhahabu, mwaka 1977. Sawa, ni haki yao. Lakini mimi nilikuwa nimeshamzoea yule mgonjwa wa kukohoa, na mtakatifu huyu simjui.

Afadhali Rybak. Anaingia chooni, anajaribu kujinyonga kwa mkanda wake, anashindwa hata hilo, na huko nje wanamwita akaendelee na kazi.