Nyumba iuzwe au iwekwe rehani? Kwanza niambie unadaiwa na nani

Mtu akibanwa na madeni hapa Dar ushauri atakaopewa ni mmoja kati ya miwili, uza nyumba ulale usingizi, au peleka hati benki uchukue mkopo mmoja ulipe wote. Wa kwanza unatoka kwa ndugu na marafiki, wa pili unatoka kwa afisa mikopo mwenye target zake za mwezi, na yote miwili inatolewa kabla mtu hajaulizwa anadaiwa na nani, kwa riba gani, na kila mwezi anaingiza shilingi ngapi. Mi naona kesi nzima iko hapo.

Tuweke mfano wa kutunga ila wa kawaida kabisa. Mume na mke wana duka la vifaa vya ujenzi limeyumba, wanadaiwa mil 30. Mil 12 ni kausha damu, yani mkopo wa mtaani wa riba kali, kwa riba ya 20% kwa mwezi, mil 10 ni saccos, mil 8 ni mali kauli, bidhaa za kulipa baadaye, waliyochukua kwa wa jumla Kariakoo. Nyumba iko Kivule, ina hati, ikiuzwa kwa utulivu inafika mil 70, ikiuzwa mbio mbio watapewa 50 na hiyo ni baada ya kuzungushwa sana.

Wanaosema rehani wana hoja, tena nzito. Chukua mil 30 benki kwa 17% kwa mwaka, miaka 5, rejesho linakuja kama laki 7 na elfu 45 kwa mwezi na mpaka unamaliza umelipa karibu mil 44.7. Inauma, lakini linganisha na kausha damu ambayo riba peke yake ni mil 2.4 kila mwezi huku ile mil 12 iko pale pale haijaguswa. Halafu nyumba inabaki, watoto hawahami shule, na kiwanja Dar mara nyingi kinapanda bei wewe umelala.

Sasa kuna kitu afisa mikopo hatakwambia. Sheria ya Mwenendo wa Madai inaikinga nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake isikamatwe kwa ajili ya hukumu ya deni la kawaida. Yani yule wa mali kauli anaweza kukupeleka mahakamani akashinda, akakamata gari, akakamata stoku dukani, ila nyumba mnayoishi kuipata ni kazi. Ukiiweka rehani umeitoa wewe mwenyewe kwenye hiyo kinga. Umechukua madeni ambayo hayakuwa na uwezo wa kukutoa ndani ukayageuza kuwa deni moja lenye uwezo huo, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 inamruhusu aliyekukopesha kwa rehani, yani benki, akupe notisi na siku 60 zikipita hujaweka sawa anaweza kuuza bila hata kwenda mahakamani. Ni kweli sheria hiyo hiyo inamtaka atafute bei nzuri, na akiuza 25% au zaidi chini ya bei ya soko anahesabiwa kwamba hakutimiza wajibu wake, lakini wewe uliyekosa rejesho hela ya wakili wa kumsumbua benki utaitoa wapi?

(Kama kausha damu alikusainisha "mkataba wa mauziano" wa nyumba badala ya mkataba wa mkopo, mchezo wanaoupenda sana, basi acha haya yote kwanza nenda kwa mwanasheria. Na ujue taasisi ndogo za mikopo zenye leseni Benki Kuu (BoT) iliziwekea ukomo wa riba wa 3.5% kwa mwezi, kwa hiyo anayekutoza 20% ana sababu ya kuogopa kukaa na wewe mbele ya afisa yeyote, hiyo ni silaha ya kuombea apunguze.)

Kuuza nako kuna utamu wake. Deni linakufa siku hiyo hiyo, simu zinaacha kuita usiku, na kama duka limekufa kweli na hakuna mshahara sehemu yoyote basi hilo rejesho la laki 7 na nusu utalitoa kwenye nini, utalipa miezi minne kwa kukopa kwa shemeji halafu nyumba inaenda mnadani kwa bei mbaya kuliko ile uliyoikataa. Watu wengi wanaoweka rehani bila kipato wanauza nyumba ile ile, ila wanaiuza kwa kuchelewa na anayeshika nyundo ni mtu mwingine.

Lakini hesabu za kuuza nazo zifanywe mpaka mwisho. Kwa mil 50, dalali anatoka na 10%, yani mil 5, unalipa madeni mil 30, unabaki na 15. Kodi ya nyumba ya kupanga wanataka miezi 6 mbele, ada zinakuja, mjomba anasikia umeuza nyumba ghafla anaumwa, na hiyo 15 isipopelekwa haraka kwenye kiwanja huko Chanika au Mkuranga baada ya mwaka huioni. TRA, watu wa kodi, nao wapo, kodi ya ongezeko la mtaji ni 10% ya faida kwa mkazi, japo kama ni nyumba uliyoimiliki na kuishi miaka 3 au zaidi na faida haizidi mil 15 unasamehewa. Watu wa Kivule waliojenga zamani kwa bei ya kutupa wengi faida yao inazidi hapo.

Wakiuza kwa utulivu kwa mil 70, dalali anachukua 7, wanabaki na 33 kabla ya kodi. Tofauti na kuuza mbio ni mil 18. Ila kusubiri mteja wa maana miezi 6 huku kausha damu anakula mil 2.4 kila mwezi ni mil 14.4 imekwenda, hapo hata riba juu ya riba hujaweka. Karibu faida yote ya subira imeliwa. Kwa hiyo ule ushauri wa "usiuze kwa bei ya hasara, subiri" ni mzuri kwa mtu asiye na kausha damu, kwa huyu wa mfano wetu ni sumu.

Ndo maana mi nasema nyumba si lazima ibebe madeni yote. Deni linaloua hapa ni lile la mil 12. Saccos wanakubali kupanga upya marejesho ukienda kabla hujaanza kukimbia simu, wa Kariakoo anataka mteja wake arudi kununua kuliko anavyotaka kesi. Mil 12 benki kwa masharti yale yale rejesho lake ni kama laki 3 kwa mwezi, na laki 3 inaweza kutoka kwenye kupangisha nyumba ya Kivule na nyinyi kwenda kukaa vyumba viwili, kama mna sehemu mnaingiza cha kula. Kiwanja kikiwa kikubwa kata kipande uuze. Kama hata laki 3 haionekani, uza, na uza sasa hivi kabla yeyote hajabandika tangazo getini.

Na njia yoyote mtakayochukua, ridhaa ya mwenza iwe ya kweli na ya maandishi, maana nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila hiyo, kesi za wake waliogundua rehani siku ya mnada ziko nyingi mahakamani. Mkiuza, mnunuzi awalipe wadai moja kwa moja mbele ya wakili, kila mmoja asaini kwamba hadai tena, kilichobaki ndo kiingie kwenye akaunti yenu wawili.