Klabu za Tanga: mlango wa mbele na mlango wa jikoni

Ikitajwa Tanga ya enzi za mkoloni, mabishano hayakosi. Wapo wanaosema klabu za Wazungu za upande wa Ras Kazone zilikuwa aibu tupu, heri zisahauliwe. Wengine hujibu kwamba watu walio mbali na kwao walitafuta pa kupumzikia tu; mbona hata Wahindi walikuwa na zao?

Hoja hii ya pili inanikera. Mji wenyewe uligawanywa kwa rangi: Wazungu ufukweni, Wahindi madukani, Waafrika Ngamiani kwenye barabara za namba. Riziki ya wote ilitegemea mkonge, ulioanza na miche 62 iliyofika hai mwaka 1893, pamoja na bandari na reli iliyofika Moshi mwaka 1911. Meneja wa shamba, wakala wa meli na ofisa wa serikali wakiketi baraza moja kila jioni, hapo pana zaidi ya kupumzika. Na tazama chiti, yaani karatasi ya deni la klabuni. Mwanachama hakutoa pesa mfukoni. Alitia sahihi, akadaiwa mwisho wa mwezi. Aliyemletea chiti hicho juu ya sinia, kanzu nyeupe imenyooshwa kwa pasi, alikuwa ameingia kwa mlango wa jikoni. Mmoja aliaminiwa kwa sahihi yake, mwenzake hakukaribishwa hata kiti.

Ila wanaotaka tusahau nao wanatupotezea mengi, kwa kuwa Ngamiani haikukaa ikichungulia uani kwa watu. Palikuwa na vyama vya beni, ngoma ya kuiga bendi na gwaride za kijeshi, navyo ni Marini na Arinoti, vyenye vyeo, sare na michango. Mwanachama akiugua aliuguzwa. Akifa alizikwa kwa heshima. Serikali ya Waingereza ilivitilia shaka, ikidhani ni siasa.

Tuseme kweli pia: Marini ilijinasibu kwa uungwana, na Arinoti ikaonekana ya watu wa chini. Mlango wa kubagua tulikuwa nao wenyewe, na hilo linaniuma kuliko habari za Ras Kazone, maana aliyefungiwa alikuwa jirani.

Miaka ya baadaye Tanga ikawa na Black Star Musical Club, na huko Shakila Saidi akawika kwa taarabu. Jina lilikuwa lilelile, klabu, lakini aliyeshika kipaza sauti alikuwa mwanamke Mswahili, na waliokuja kumtunza walipita mlango wa mbele.