Mtoto Aulize Kwanza

Usiku wa kwanza wa Pasaka ya Kiyahudi, kwenye mlo wanaouita Sederi, chakula huchelewa makusudi. Watu wameshakaa, divai imemiminwa, mikate isiyotiwa chachu imefunikwa kitambaa, matumbo yananguruma, na hakuna anayekula. Anasubiriwa mtoto. Aliye mdogo kuliko wote pale mezani huimba maswali yake: usiku huu una nini hata ukatofautiana na nyingine zote? Mbona leo ni mkate mkavu tu? Mbona mboga chungu? Mbona tunachovya mara mbili, mbona tumekaa kwa kuegemea? Wakubwa wakishaulizwa ndipo wanapoanza kusimulia jinsi watumwa walivyotoka Misri.

Mimi si Myahudi. Ni mwalimu, na kazi yangu ni kukaa na vijana nikijaribu kuwafundisha maadili bila kuwasinzisha. Kwa macho hayo nimekuwa nikizisoma sikukuu za Kiyahudi, na nimeona mambo ya kuhusudu, na mengine machache ya kubishana nayo.

La kuhusudu kwanza. Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilika yapata mwaka 200, inaagiza kwamba kikombe cha pili cha divai kikishamiminwa mwana amuulize baba yake. Na kama hajapata akili ya kuuliza, baba amfundishe. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ikaongeza: asiye na mtoto aulizwe na mkewe, aliye peke yake ajiulize mwenyewe, na hata wanazuoni wawili wanaozijua sheria zote za Pasaka waulizane. Yaani elimu yako haikuondolei wajibu wa kuuliza. Humo humo tunasimuliwa kuhusu Rabi Akiva, aliyekuwa akiwagawia watoto nafaka za kukaanga na vitafunwa jioni hiyo ili wasilale. Mpaka leo kuna kipande cha mkate, afikomani, kinachofichwa. Mlo haufungwi bila hicho, kwa hiyo mtoto aliyekipata ana mzee wa nyumba mkononi mwake, na mzee hukikomboa kwa zawadi. Aliyebuni haya aliwajua watoto.

Lakini mbinu nzuri inaweza kufundisha jambo lolote, hata baya. Swali ni kinachofundishwa.

Kitabu kinachosomwa mezani, Hagada, mapema kabisa kina mkate wa mateso ukiinuliwa kwa maneno ya Kiaramu, lugha iliyokuwa ya watu wa kawaida enzi hizo: kila mwenye njaa na aje ale. Kurasa chache mbele kinasema kwamba katika kila kizazi wapo wanaoinuka kutuangamiza. Kauli hizo mbili zimekaa kwenye kitabu kimoja, zinasomwa usiku mmoja, na mtoto mmoja anazisikia zote. Maoni yangu ni kwamba karibu ugomvi wote kuhusu namna ya kuwalea vijana wa Kiyahudi umo katika nafasi iliyo kati ya kauli hizo. Wapo walimu wanaoishika ya pili tu, na darasa lao linakuwa boma: sisi, wao, na kengele ya hatari. Wana sababu, historia haikuwadanganya, na baada ya shambulio la Hamas dhidi ya Israeli la tarehe 7 Oktoba 2023 ni wazazi wachache watakaokubali kuambiwa kwamba hofu yao ni ya kale. Wapo pia wanaoishika ya kwanza tu mpaka Pasaka inageuka semina ya wema kwa jumla, ambayo kijana angeweza kuipata popote bila kula mboga chungu. Huyo akifika chuo kikuu haoni kwa nini arudi mezani.

Torati haikuyatenganisha mambo hayo mawili. Kutoka 23:9 inakataza kumwonea mgeni, na sababu inayotoa ni kwamba ninyi mnaujua moyo wa mgeni, maana mlikuwa wageni katika nchi ya Misri. Marabi walihesabu Torati ikionya kuhusu mgeni mara 36, na wengine wakasema 46. Kumbukumbu ya uchungu wako ndiyo hoja ya wajibu wako kwa mwingine. Ukimfundisha kijana kumbukumbu ukauacha wajibu, umemfundisha majivuno tu. Ndiyo maana vijana wengi wa Kiyahudi, Marekani hasa, wamekuwa wakiwauliza wazazi wao kuhusu Wapalestina usiku huo huo wa Sederi. Najua meza zinachafuka. Lakini usiku wa kuuliza ndio huo, na aliyewafundisha kuuliza asishangae.

Hagada yenyewe inamjua kijana wa namna hiyo. Inataja wana wanne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na asiyejua kuuliza. Mwovu anauliza, “Ibada hii kwenu ina maana gani?” Wanamshika kwa neno “kwenu”: amejitoa katika jamii. Jibu analopewa ni kali, kwamba angekuwa Misri asingekombolewa. Silipendi jibu hilo. Fungua Kumbukumbu la Torati 6:20, linakotoka swali la mwana mwenye hekima, utamkuta naye anauliza juu ya amri ambazo Mungu amewaagiza “ninyi”. Wafafanuzi wamehangaika karne nyingi kueleza kwa nini mmoja anasifiwa na mwingine anakemewa. Kijana mkali wa miaka 15 ataliona hilo peke yake, na mwalimu mwenye busara ataacha alione.

Nikitafuta mahali ambapo mafundisho haya yamekaa karibu na maisha, siendi mbali. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, kuna Wayahudi wanaoitwa Abayudaya. Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewatumikia Waingereza kisha akaachana nao, alijitahiri pamoja na wanawe mwaka 1919 na kuanza kushika Torati. Jumuiya yake ilidumu mpaka Idi Amin alipoipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Wengi wakaiacha, waliobaki wakasali kwa siri. Kisha ikaja tarehe 11 Aprili 1979. Watanzania tunaijua kama siku Kampala ilipoangukia mikononi mwa JWTZ, jeshi letu, na wapiganaji wa Uganda waliokuwa nao, Amin akaangushwa. Kwa kalenda ya Kiyahudi, jua lilipotua siku hiyo ndipo Pasaka ya mwaka ule ilipoingia.

Hagada inasema kila mtu katika kila kizazi ajione kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri. Mtoto wa London inabidi afumbe macho na kujitahidi. Mtoto wa kilima cha Nabugoye, huko kwa Abayudaya, anaweza kumuuliza babu. Na sina budi kusema: katika simulizi lao la kutoka utumwani wamo askari wa Kagera, Mwanza na Songea, wengi wao wasiojua kabisa kuwa kulikuwa na Wayahudi Uganda.

Abayudaya wanafundisha nini leo? Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles na kupewa daraja la urabi mwaka 2008. Wana shule ya msingi na ya sekondari zinazopokea pia watoto wa Kikristo na wa Kiislamu. Mwaka 2004 walishiriki kuanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, wa wakulima wa dini zote tatu. Kijana anayekulia hapo anayaona mafundisho ya mgeni kwenye gunia la kahawa la jirani yake Mwislamu kabla hajayasoma.

Purimu ni sikukuu ngumu zaidi kuifundisha, ingawa kwa nje ndiyo nyepesi kuliko zote. Watoto huvaa mavazi ya kuigiza, Kitabu cha Esta kinasomwa, na jina la Hamani, yule aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, likitajwa wanapiga kelele za kulifuta. Esta 9:22 inaagiza kupelekeana chakula na kuwapa maskini zawadi, na marabi wakaweka kiwango: aina mbili za chakula kwa rafiki mmoja, na zawadi kwa maskini wawili walau. Kiwango hicho nakipenda kwa sababu mtoto hawezi kukitimiza kwa moyo mzuri peke yake. Lazima atoke nyumbani, awatafute watu wawili.

Shida ni kwamba sura hiyo hiyo inasema waliuawa maadui 75,000. Shule nyingi hufika kwa Hamani na kusimama hapo. Kwa mtoto wa miaka saba, sawa. Kwa kijana, hapana. Siku ya Purimu, tarehe 25 Februari 1994, mlowezi wa Kiyahudi aliingia msikitini Hebroni, kwenye makaburi ya mababu, akawaua kwa risasi Waislamu 29 waliokuwa wakiswali. Sura ya tisa usipoifundisha wewe, yupo mwingine atakayeifundisha. Iwekwe mezani pamoja na ile desturi ya Sederi ya kupunguza divai tone kwa tone kila pigo la Misri linapotajwa, ambayo wengi huieleza kuwa furaha haijazi kikombe wakati wengine wamekufa, hata kama walikuwa adui.

Hanuka, sikukuu ya taa, naipita haraka. Kidini ni ndogo, na huko Marekani imevimbishwa na ujirani wake na Krismasi.

Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga na kuomba msamaha, sitaipita. Msichana akifika miaka 12 na mvulana 13, amri zinawahusu kama watu wazima, kufunga kukiwemo. Mishna inasema siku hiyo haifuti kosa lililo kati ya mtu na mwenzake mpaka amridhishe mwenzake. Kwa hiyo ule ujumbe wa kundi, “kama nimemkosea yeyote anisamehe”, hautoshi. Uende kwa mtu, umtajie kosa. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika kwamba akikataa, urudi na rafiki zako watatu, na tena, na tena. Akishikilia kukataa, mwache, sasa mwenye kosa ni yeye.

Niliwasomea hilo vijana wangu na darasa likawaka moto. Nusu walisema ni dhuluma kumlazimisha aliyeumizwa asamehe kwa kuletewa kundi la watu. Sina hakika kama wamekosea. Mmoja akauliza: je, kama uliyemkosea ameshakufa? Jibu lipo kwa Maimonides: chukua watu kumi, nendeni kaburini, useme mbele yao ulichomtendea. Na kama alikuwa anakudai, walipe warithi.