Papai, nyanya na jua la saa saba

Ngozi ikichomwa na jua, hakosi mtu wa kukwambia ule papai. Hajatunga. Papai, embe na tikiti vina karotini au laikopini, rangi za manjano na nyekundu ambazo zikiliwa hufika hadi kwenye ngozi na kupunguza makali ya miale. Mwaka 2001 watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, walitoa matokeo ya jaribio walilowalisha watu gramu 40 za nyanya ya kopo kila siku, pamoja na mafuta ya zeituni. Baada ya wiki 10, ngozi yao ikimulikwa makusudi iliiva wekundu pungufu kwa asilimia 40 kuliko ya wenzao waliopewa mafuta matupu. (Nyanya ni tunda, wabishi watulie.)

Lakini wiki 10 si mchezo: katika wiki ya 4 tofauti haikuonekana. Halafu washiriki walikuwa wachache, na kilichopimwa ni wekundu, si saratani. Saratani ilipimwa Nambour, Australia, kuanzia 1992, kwa watu zaidi ya 1,600. Waliopaka losheni ya kukinga jua kila siku walipata uvimbe wa aina moja ya saratani ya ngozi pungufu kwa karibu asilimia 40. Vidonge vya beta-karotini, aina ya karotini, havikusaidia kitu. Mtetezi wa papai atajibu kwamba kidonge si tunda, na hapo namuunga mkono. Kidonge kinaweza hata kudhuru: Finland, wavuta sigara waliomeza vidonge hivyo walizidi kupata saratani ya mapafu.

Kwa mwenye ngozi nyeusi anayekula embe lake, hakuna hasara. Melanini, rangi asilia ya ngozi, inamfanyia kazi kubwa tayari. Ninachohofia ni ushauri huo kumfikia mama mwenye mtoto wa ualbino. Huyo anahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni, kama ile ya Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Embe ale, ila akiwa kivulini.

Na wapo wanaoruka hatua ya kula, wakajipaka tunda lenyewe. Ndimu ndiyo mbaya zaidi: maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, hutoka malengelenge, kisha baka jeusi linalokaa wiki kadhaa. Anayekamua ndimu za juisi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje.