Andikeni na Pale Inaposhindwa

Siku hizi kila ukigeuka kuna programu mpya ya kumwezesha wakala wa akili mnemba kutafuta makala za utafiti, kuzipakua na kuzisoma kwa niaba yako. Sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na maelezo yake. Unafungua ukurasa: nembo ya kupendeza, mstari mmoja wa kusakinisha, kikatuni cha roketi, "furahia!" Basi, imetoka hiyo.

Wiki iliyopita binti mmoja anayesomea kilimo, hapa hapa Mtwara, aliniletea muhtasari wa makala kuhusu ugonjwa wa ubwiri unga kwenye mikorosho. Wakala wake kauandika vizuri kupita kiasi: kiasi cha salfa, siku za kurudia kupuliza, mpaka hitimisho. "Kaka, mbona mwalimu anasema hizi namba hazimo kwenye makala?" Nikaomba faili lenyewe. Jina la makala lipo, mwishoni .pdf ipo, ila halifunguki. Nikalifungua kama maandishi matupu. PDF ya kweli huanza na %PDF. Hili lilianza na <!DOCTYPE html>, yaani ni ukurasa wa wavuti, na chini kidogo, kwa Kiingereza, maneno ya kumtaka msomaji aingie kwenye akaunti yake au alipie. Yaani programu ilipiga picha mlango wa duka, ikaubandika jina la bidhaa. Wakala naye akasoma ikisiri iliyokuwa pale mlangoni, mengine akajaza mwenyewe.

Na huku kusini namba ya salfa si pambo la makala. Kuna mtu atapuliza kwa namba hiyo, kwenye mikorosho ambayo ada ya watoto inaisubiri ikifika minada ya Oktoba.

Mtasema kosa ni la akili mnemba, inatunga. Kweli inatunga. Lakini hapa nabisha. Kwenye programu hizi, hasa zinazofuata MCP, itifaki ya kumuunganisha wakala na programu nyingine, waliyoitoa kampuni ya Anthropic Novemba 2024, kila kitendo kina maelezo yake mafupi, na hayo ndiyo wakala anayosoma kabla ya kuamua atumie nini. Msimbo wa ndani haoni. Ukimwandikia "hupakua makala", ataamini kilichokuja ni makala. Mwandikie: "huleta makala kamili pale tu ilipo wazi kwa umma, ikiwa imefungwa hurudisha kosa, na hapo usitoe muhtasari." Angalau atakuwa na pa kusimamia. Na kukagua zile alama nne za mwanzo wa faili kabla ya kuliita PDF, jamani, hiyo ni kazi ya kumshinda nani? Zamani maelezo mabovu yalimchosha mtu, akauliza wenzake au akaachana nayo. Mashine haichoki wala haioni haya. Inasonga mbele.

Halafu chanzo. Kuna zinazochota arXiv peke yake na hazisemi mapema. arXiv, iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, ni hazina ya mtandaoni ya makala za fizikia, hisabati na mambo ya kompyuta. Katafute ubwiri unga humo uone! Sana sana utaletewa kompyuta inayofundishwa kutambua picha za majani. Anayetaka mikorosho aambiwe mapema aende kwingine, na kituo cha utafiti cha Naliendele, wenye utafiti wao wa korosho, wako hapo, bodaboda tu. arXiv wenyewe wanaomba programu isitume zaidi ya ombi 1 kila sekunde 3. Wakala asiyeambiwa hilo ataigonga seva mpaka afungiwe.

Bando je? Ukisema "nitafutie makala mbili tatu", yeye anaweza kushusha folda nzima. Aliyeandika programu ana faiba nyumbani, hawazi. Huku mtu kaunganisha kompyuta na simu, anahesabu megabaiti. Na waliokuwepo Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, wanajua thamani ya faili ambalo tayari limo kwenye mashine. Sasa limo folda gani? Ukurasa uko kimya.

Leseni nayo: makala iliyo wazi kusomwa si lazima iwe wazi kusambazwa. Hata hilo halijaandikwa.

Najua, najua. Wengi wanaotengeneza programu hizi wanajitolea, usiku, bila malipo, nasi tunazitumia bure. Haya, nimekubali. Lakini roketi ilipatiwa muda.

Nimewatumia watengenezaji wa programu ya yule binti maandishi ya kuongeza: vyanzo, kikomo cha maombi, folda, ukubwa wa faili, na kinachorudi makala ikiwa imefungwa. Wamenijibu kwa adabu kabisa kwamba mambo hayo yanajulikana. Yanajulikana na nani?